Kanda Yangu ya Presha

Jumapili, 2 Machi 2025
Kikao cha chama chetu cha Waafrika Mashariki tuishio huku ughaibuni. Dada Milcah, muuguzi, anataka tujitolee kuwapima watu presha, kwa kanda. Akasema kanda zifuate mitaa. Mitaa! Mimi naishi Hagsätra, na Hagsätra nzima inamsikiliza mzee Ssemakula. Nikanyoosha mkono: kila kabila liwe kanda, mtu hufunguka kwa lugha ya mama. Makofi! Wakikuyu ndio wengi, basi kanda kubwa ni yangu. Mwenyekiti wake ni mimi, Mwaura. Nimefurahi mno.

Jumatano, 5 Machi
Nimepewa mashine na orodha. Kumbe Wakikuyu hatukai pamoja! Mmoja Kista, mwingine Skärholmen, upande wa pili wa jiji. Nimekaa muda wa saa nne ndani ya treni, nimepima watu watatu tu. Na kila nyumba chai na chapati, kukataa huwezi.

Jirani yangu Aida, Mtanzania, akaomba nimpime. Nikamweleza kwamba si wa kanda yangu. Kwa kabila lake yuko peke yake hapa, ajiteue. Alinitazama sana.

Ijumaa, 7 Machi
Ssemakula amemaliza! Waganda wake aliwapima wote jana, baada ya mazoezi ya kwaya. Kisha akapanda ngazi hadi ghorofa yetu kumpima Aida, bila hata kumuuliza kabila. Mzee hana siasa kabisa. Inaudhi.

Jumapili, 9 Machi
Milcah aliuliza nani kapima wangapi. Ssemakula, thelathini na mmoja. Mimi, saba. Kanda zimerudishwa kwenye mitaa, Hagsätra kapewa mzee. Nikasimama kupinga, kizunguzungu kikanishika. Ssemakula akanikalisha, akanifunga mkononi ile mashine yangu. 178 kwa 110. Niliogopa, sitadanganya. Milcah akataka kujua mara ya mwisho nilijipima lini. Siku tano nimeibeba mashine begani, na mkono wangu sikuukumbuka.

Jumatatu, 10 Machi
Daktari kanipa vidonge, kanikataza chumvi na ubishi. Ssemakula ndiye aliyenisindikiza, akakaa nami mpaka nikaitwa. Aliniita mwanangu, akanisihi niachane na vyeo. Nikamshukuru kwa dhati, nikaahidi.

Wazo limenijia kwenye lifti. Mtaa ni mkubwa mno kwa mzee wa umri wake. Kanda zifuate ghorofa! Yetu ya saba tuko wawili tu, mimi na Aida. Nikimpima kesho asubuhi, kabla hajauliza kwa nini, napita mwenyekiti bila kupingwa.