Malalamiko Juu ya Mama Asiye na Miguu Aliyehamia Migombani Kwangu

Sanje.

Ndugu Mtendaji wa Kijiji,

Natumaini u mzima na nyumba yako yote. Mimi mwili mzima, moyo ndio uliochafuka. Namlalamikia mkazi mmoja wa shamba langu la migomba ambaye hajawahi kuripoti ofisini kwako.

1. Hajulikani ni nani. Nilimfukua wakati wa palizi: mrefu kama mkono, mweusi, hana mguu wala jicho la maana. Nikapiga yowe, nyoka! Mume wangu Anold akasema ni mnyoo. Bwana Nikodemu, mtafiti aliyepanga kwa jirani, akasema si nyoka wala mnyoo, ni ndugu wa chura. Binadamu mwenye ukoo wa kubabaisha hivi ungemwita siku hiyo hiyo.

2. Bwana Nikodemu akaongeza kwamba huyu mama hunenepesha ngozi yake, watoto wakaibandua na kuila mpaka wakue. Mama mkwe wangu, Bibi Luciana, akaacha kupeta mchele akanitazama. "Umesikia, Paskazia? Huyo ndiye mama." Ndugu Mtendaji, nimezaa watano, nimewalisha wali wa jasho langu. Sikujua kwamba na ngozi ilitakiwa.

3. Tangu hapo Anold amepiga marufuku jembe upande ule. Anasema, "Mama asisumbuliwe." Miaka ishirini na miwili ya ndoa, maneno hayo sijayasikia, hata nilipokuwa nachota maji siku ya tatu baada ya kujifungua.

4. Binti yangu Omega, miaka kumi na tisa, nikimwambia afue nguo zake ananijibu kuna mama wengine hawalalamiki.

Kwa hiyo naomba ahamishiwe mlimani Udzungwa. Ikishindikana, aitwe kwenye mkutano wa kijiji awaeleze akina mama wenzake nani alimtuma kutupandishia kiwango.

Nisalimie mkeo, watoto, na mwenyekiti wa kitongoji, pole yake ya goti.

Wako katika kujenga kijiji,
Paskazia Valeriani

N.B. Kabla sijaileta barua hii, mvua ya asubuhi imebomoa kingo za shamba. Nimemkuta yuko nje, amejizungusha juu ya vitoto vyake, kuku wamemzunguka. Nimewafukuza kwa kandambili, nikambeba na wanawe kwenye beseni, nikawafunika kwa majani makavu chini ya mgomba mkubwa. Amekonda, ndugu yangu. Mgambo wakija kumhamisha watanikuta nimekaa pale pale, na watakayoyasikia siwezi kuyaandika kwenye barua ya heshima.