Fundi wa Sare na Mkanda wa Trekta

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili na subira ya kutosha! Wekeni chini kalamu na masufuria, mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana nataka kusimulia vita ambavyo mashujaa wa kale, kwa bahati yao njema, hawakuvipigana. Nitasimulia jinsi mimi, Bwana wa Mikasi, Simba wa Cherehani, Mvalishaji wa shule tatu za msingi na moja ya sekondari, nilivyomchagulia mbwa mkanda. Msicheke mapema. Pa kuchekea patafika, nami nitawaonyesha mwenyewe.

Mbwa huyo ni Trekta, wa rangi ya kahawia, mpana wa kifua, mwenye sikio moja lililosimama na moja lililolala. Hajawahi kuuma mtu wala kuiba kitoweo. Dhambi yake ni moja tu: akifungwa kamba, huvuta, na akivuta, aliyeshika kamba huenda aendako mbwa, apende asipende. Mimi mwenyewe nimewahi kupelekwa mpaka ndani kwa kinyozi nikiwa nimeshanyolewa.

Basi Alhamisi moja asubuhi Trekta alimwona paka wa kinyozi, na mwisho wa kamba siku hiyo alikuwa mama mkwe wangu, ambaye tangu ahamie kwetu miezi kumi na moja iliyopita ndiye aliyemtembeza kila siku, mpaka kona na kurudi. Mama alianguka. Goti lilichubuka, gauni likachanika, na habari ikafika nyumbani kabla yake.

Jioni ile mke wangu, Jaji Mkuu wa nyumba yetu, alitoa hukumu huku anapiga pasi.

"Leo goti, kesho nyonga. Jumamosi saa tatu kaka anakuja na pikapu. Trekta atakwenda kulinda tanuri lake la matofali. Nimemaliza."

Nikainuka, nikatanua mkono wa kuume kama wafanyavyo wasemaji wakuu. "Ewe mke mwema, nguzo ya boma hili! Je, mshitakiwa ahukumiwe bila kusikilizwa? Je, mkosaji ni mbwa, au ni ule ukanda wake wa shingoni? Nipe siku moja, nami naapa mbele ya—"

"Mume wangu, umekanyaga waya wa pasi."

Nikautoa mguu, nikaketi. Mama mkwe alichukua fimbo yake akatoka uani, nami kupitia dirishani nikamsikia akizungumza na mbwa kwa sauti ya chini. "Wamesema Jumamosi. Usiogope, huko kuna nafasi ya kukimbia. Mimi nitazoea."

Maneno hayo yaliniuma. Mke wangu huondoka alfajiri kwenda zahanati, mimi hushinda kwenye karakana, na kutwa nzima mama hana wa kusema naye ila huyo mwenye sikio moja lililolala. Nikaapa upya, safari hii kimyakimya, ili nisikanyage kitu.

Ijumaa asubuhi nilimfunga Trekta kamba, tukaenda kwenye duka la vifaa vya mifugo. Au niseme ukweli, alinipeleka. Mwenye duka, mama mmoja wa maneno machache, alimtazama mbwa akikohoa na kukoroma kwa kujikaba na ukanda wake.

"Huo wa shingoni uwe wa kitambulisho tu," akasema. "Anajiumiza koo na kuvuta haachi."

"Dada, mlinzi wa ghala la silaha, nifungulie hazina yako!" nikasema.

Akanitazama kidogo, kisha akashusha mikanda miwili ya kifuani. Wa kwanza ulikuwa na pete ya kufungia kamba mgongoni. Tuliujaribu mlangoni, na Trekta, alipoona shingo iko huru na kifua kimeshikwa vizuri, akainama akavuta kama ng'ombe wa jembe, nami nikaburuzwa mpaka kwenye magunia ya pumba.

"Ndiyo hivyo," akasema mwenye duka, akinisubiri nisimame. "Pete ikiwa mgongoni, umempa raha ya kuvuta. Huyu anataka wenye pete mbele, kifuani. Akivuta, anageuzwa mwenyewe, anakuangalia. Chukua huu wa pili."

Hapo ndipo kiburi, adui wa mashujaa wote, kiliponipanda kichwani. Mimi, fundi wa miaka ishirini, nibebe nyumbani kitu kilichoshonwa na mwingine? Nikaugeuza ule mkanda mara tatu, nikaukariri kwa macho, nikamshukuru dada yule kwa hotuba, nikaondoka mikono mitupu.

Karakanani nikatwaa mikanda ya mabegi ya shule na pete za chuma. Nikampima Trekta kifua, shingo na tumbo, chaki sikioni, futi begani, naye akilamba chaki. Cherehani ililia kama ngoma ya vita. Kufika saa sita vazi lilikuwa tayari, mishono miwili miwili, nadhifu kuliko la dukani, nami nikatoka barabarani nikitembea katikati, ili watu wote waone.

Tulipofika mbele ya kinyozi, paka alikuwa kizingitini. Trekta hakuvuta mbele. Alisimama, akafikiri, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, akatoka ndani ya vazi langu kama mtu atokaye kitandani. Nikabaki nimeshika kamba, na mwisho wa kamba mkanda mtupu.

"Fundi," kinyozi akaita, mashine ikinguruma mkononi, "mteja wako kavua nguo!"

Hapa sasa chekeni. Wateja wawili walicheka mpaka wakanyolewa vibaya.

Trekta alirudi mwenyewe baada ya kushindwa na paka. Mke wangu, aliporudi kazini, aliuchukua mkanda, akauinua kwenye mwanga, akamvisha Trekta, akaingiza mkono wote kati ya mshono na mbwa.

"Umemwachia nafasi ya kukua?"

Nikaanza kuviringisha futi yangu.

"Mume wangu. Mbwa huyu ana miaka saba."

Enyi wasikilizaji, miaka ishirini nimeshona sare, na kila mzazi aingiaye husema, fundi, mwachie nafasi, mwakani asinisumbue. Mkono wangu umezoea. Kichwa hakikuulizwa. Mkono ulimpima Trekta vizuri kabisa, kisha ukamwandaa kwa darasa la saba.

Nikafumua. Nikapunguza kifuani, nikapunguza tumboni, mpaka pakabaki nafasi ya vidole viwili tu, nami wakati huo sikutoa hotuba yoyote.

Jumamosi saa tatu pikapu ikasimama mlangoni. Shemeji yangu akashuka na mnyororo mkononi. Kabla sijafungua kinywa, mama mkwe akatoka amevaa viatu.

"Lete hiyo kamba, mwanangu," akaniambia.

"Mama, goti lako," mke wangu akasema.

"Goti ni langu. Lete kamba."

Wakatoka, yeye na Trekta aliyevaa mkanda wangu. Sisi watatu tulisimama kama walinzi wa mpaka, nami moyo ulinienda mbio kuliko mbwa yeyote. Kwa kinyozi paka alikuwa amekaa palepale, fedhuli yule. Trekta akajitupa mbele kwa nguvu zake zote. Pete ya kifuani ikakaza, ikamzungusha, akajikuta anamtazama mama usoni. Akashangaa. Akajaribu tena, akageuzwa tena.

"Unaniangalia nini?" mama akamwambia. "Twende."

Wakaenda, kamba ikining'inia kati yao. Shemeji akauviringisha mnyororo wake, akautia mfukoni.

"Dada, nitatafuta mbwa mwingine," akasema.

"Tafuta," akajibu mke wangu, na nikaona anajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

Na iandikwe, kwa wino usiofutika, kwamba siku hiyo mama mkwe wangu alifika kwenye kona, pale alipozoea kugeuka kwa miezi kumi na moja, akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuka. Chai tuliyomwekea ilipoa. Tukaipasha, ikapoa tena, na hakuna hata mmoja wetu aliyetoka kwenda kumwita.