Mwongozo wa Kurasa Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi. Mukurweini.
Siku yangu imefika! Bi. Murugi, meneja wa ushirika wetu wa maziwa, anataka mwongozo wa kuwafundisha makarani kuweka programu ya kupima maziwa kwenye kompyuta zao. Atakayeandika vizuri ndiye atakayekuwa msimamizi wa kompyuta. Tuko wawili tu: mimi, Theuri, na Wachuka wa mapokezi. Mbinu yangu? Mwongozo usioeleweka humhitaji aliyeuandika. Nani atathubutu kuninyima cheo?

Jumanne, 4 Machi.
Kurasa arobaini na moja! Mwongozo wangu unaanza hivi: “Amilisha mazingira tengefu kabla ya kusuluhisha utegemezi wa vifurushi.” Mazingira ni nini? Yanafunguliwaje? Sikusema. Mzee Ngatia, karani wa kituo cha Gakindu, amenipigia simu mara nne kabla ya chai ya saa nne. Raha tupu.

Jumatano, 5 Machi.
Wachuka ameleta ukurasa mmoja. Mmoja! Ameandika kwamba hakuna mkulima anayechanganya maziwa ya jana jioni na ya leo asubuhi katika mkebe mmoja, maana yaliyolala yataharibu mabichi. Programu nazo ni hivyo: kila moja na mkebe wake, wenye vifurushi vyake, yaani vijiprogramu inavyovitegemea, ili vya hii visiharibu vya ile. Mkebe huo ndio mazingira. Chini ameonyesha amri ya kuufungua na ya kuufunga. Nimecheka hadi machozi. Kompyuta kwa lugha ya zizi!

Alhamisi, 6 Machi.
Balaa. Meneja aliniambia niongeze programu ya chanjo za ng'ombe kwenye kompyuta ya mizani. Nikaiweka hivi hivi, bila mazingira yoyote. Mtaalamu ayahitaji ya nini? Vifurushi vipya vikafuta vya zamani, mizani ikanyamaza. Foleni ya wakulima hadi barabarani, jua kali, maziwa karibu kuchacha. Meneja akaniamuru nifuate mwongozo wangu. Ukurasa wa 17 ukanipeleka wa 33. Wa 33 ukanirudisha wa 17. Mama Nduta, amekumbatia mkebe wake, akaniuliza polepole:

“Theuri, hii kitabu si ni wewe uliandika?”

Afadhali angenitukana. Mzee Ngatia, aliyekuwa amekuja na maziwa ya Gakindu, akatoa ukurasa wa Wachuka mfukoni, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, nami nikaipa kila programu mkebe wake. Dakika kumi, mizani ikaamka.

Ijumaa, 7 Machi.
Cheo amepewa Wachuka. Mimi nimepewa gundi, nibandike ukurasa wake kwenye kuta za vituo vyote. Iliniuma sana. Gakindu niliubandika juu chini. Mzee Ngatia akaubandua, akaunyoosha, akanishukuru kwa kuuleta.

Jumamosi, 8 Machi.
Nimetambua kosa langu: kurasa zilikuwa chache! Toleo la pili litakuwa na themanini. Ili kuliandika nimeweka programu mpya ya uandishi kwenye kompyuta ya mizani, ndiyo yenye kasi. Mkebe sikufungua. Mkebe ni wa wanaoanza. Wakulima wanapiga kelele huko nje, na meneja anakuja huku mbio. Bila shaka amesikia habari za toleo la pili.