Dawa Yangu ya Mishipa ya Miguu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mwakitolyo. Kusimama kutwa nikinyoa wachimbaji kumenimaliza. Mishipa ya mguu wa kushoto imetuna, imejipinda kama mizizi. Mke wangu, Mbuke, anataka niende hospitali. Ya nini? Nimebuni dawa: kitunguu saumu, siki, pilipili kichaa. Nikipona, naiuza! Mwita, kinyozi wa kibanda cha pili, kacheka hadi kamharibia mteja denge. Cheka tu!

Jumanne, 4 Machi
Nimepaka. Nimefunga kitambaa, nimekaza. Mguu unawaka moto. Inafanya kazi! Nimetangaza kwa kipaza sauti kwamba Alhamisi naufungua hadharani. Mbuke kanuna. Kasema pikipiki ina vipuri, mguu hauna.

Jumatano, 5 Machi
Malengelenge. Uvimbe. Nanuka kachumbari. Nilitaka kuahirisha, lakini Mwita anapita kwa wateja wangu akiwakumbusha wasikose. Mshenzi! Sirudi nyuma.

Alhamisi, 6 Machi
Umati. Kitambaa kiligandia ngozi. Nikavuta kwa nguvu. Damu ikaruka kama bomba limepasuka! Watu wakatawanyika. Mbuke akapiga yowe. Nikabaki nimesimama, dunia inazunguka, damu inajaa kiatuni. Nikajua nakufa, tena mbele ya Mwita.

Mwita akaniangusha chali. Akauinua mguu juu ya kiti chake, akaubana kwa taulo safi, hakuachia. “Tulia, Januari! Ukiendelea kupiga kelele nakubana mdomo pia!”

Damu ikakoma.

Ijumaa, 7 Machi
Hospitali. Daktari Klara kasema Mwita ndiye kaniokoa. Dawa yangu haiondoi mshipa wowote, imeunguza ngozi tu. Nitapigwa ultrasaundi. Mshipa mbovu hufungwa na wataalamu, kwa leza, sindano au upasuaji. Kwa sasa nitembeetembee, nisisimame kutwa, nikipumzika niinue mguu. Zipo pia soksi maalumu za kubana, ila lazima nipimwe kwanza. Zisizofaa huweza kuzuia damu kufika mguuni. Nimeitikia kila neno. Mbuke kamshukuru Mungu.

Jumapili, 9 Machi
Soksi! Mbona sikuwaza? Nimekata tyubu ya pikipiki, nimeishonea kwenye soksi za kuchezea mpira. Zinabana hasa! Jozi ya kwanza nimempelekea Mwita, shukrani yangu. Kashangaa, kasema miguu yake haina tatizo lolote.

Nimemwambia kinga ni bora kuliko tiba.