Taa za Gari Ndani ya Oveni ya Colombe

Jumatatu, 6 Mei
Dharau! Olive, mdogo wa mke wangu, anaolewa Jumamosi, na gari la kumbeba ni la jirani Thierry. Nikauliza, langu lina kasoro gani? Mama mkwe akajibu mbele ya watu: "Akonkwa, gari yako iko na mutoto wa jicho." Kweli, taa za mbele zimefifia kama maziwa na ndani kuna maji. Lakini kusema mbele ya Thierry! Alicheka mpaka fanta ikamtoka puani.

Jumanne, 7 Mei
Fundi mmoja wa Kadutu anasema taa hizi hazifunguliwi, hununuliwa mpya. Uongo. Nimeona video. Gundi yake hulainika kwa joto. Na joto tunalo: oveni ya mke wangu Colombe, ambamo huoka keki. Mwenyewe ameenda Katana kumwona shangazi hospitalini. Mungu hupanga!

Jumatano, 8 Mei
Ushindi! Taa ya kwanza ilitoka ovenini ikafunguka kama ganda la karanga. Nikaikausha, nikasugua kioo, nikaifunga kwa silikoni. Inameta! Ya pili niliisahau kidogo motoni. Imejipinda, imeinua uso juu kama mtu anayesali. Si kitu.

Alhamisi, 9 Mei
Colombe amerudi. Ameoka keki ya Olive. Inanuka tairi. Akauliza nani kapika nini humu. Nikasema labda jirani kachoma takataka. Hakuamini. Ameanza nyingine kwenye mbabula, jiko la makaa, akiimba nyimbo za kanisa bila amani yoyote. Nalala sebuleni.

Jumamosi, 11 Mei
Utukufu! Tulipotoka kanisani ilishuka mvua, mchana ukawa giza. Taa za Thierry zikajaa maji, zikazimika. Mama mkwe mwenyewe akamwingiza Olive kwangu, gauni na yote. "Papa Akonkwa, tuongoze!" Nikaongoza msafara mzima! Taa moja iliangaza barabara, nyingine iliangaza balkoni za ghorofa. Watu walitoka kutupungia mikono. Ndani ya taa zangu, hata tone la maji hakuna!

Jumapili, 12 Mei
Colombe amenisamehe. Nimeapa kwamba oveni yake haitaona tena kitu kisicholiwa. Baada ya misa Thierry akaja, taa zake katika mfuko wa plastiki, mpole kabisa, akiniita kaka mkubwa: "Grand frère, unisaidie." Nimekubali. Kiapo ni kiapo, oveni ya Colombe siigusi. Lakini mama mkwe ameenda Walungu, katuachia ufunguo wa nyumba, na oveni yake ni kubwa zaidi. Zitaingia zote mbili kwa pamoja.