Operesheni Greda

Jumatatu, 3 Machi

Usaili leo, kwenye lile jengo la maduka. Wanatafuta fundi wa matengenezo. Nikavaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Nikaingia, nikasimama wima. Mama wa utumishi akaniambia nikae. Nikabaki nimesimama. Akarudia. Nilikaa aliponyanyua sauti, maana hapo ilikuwa imeshakuwa amri.

Akauliza nimewahi kutengeneza nini. Nikamtajia: buldoza, greda, winchi, magari ya kubebea vifaru. Akaandika kidogo, akauliza kuhusu vyoo. Nikamwuliza vyoo vya ukubwa gani. Akauliza kuhusu viyoyozi. Nikamwambia jeshini tulitumia upepo. Mwishowe akataka kujua najiona wapi miaka mitano ijayo. Nikajibu kwamba mahali alipo askari ni siri. Hakucheka. Wala sikuwa natania.

Nikarudi nyumbani. Chumba na sebule, kimya kama stoo ya vipuri siku ya mapumziko. Mke wangu bado yuko kwa dada yake, mji wa pili. Watoto walishakua, kila mmoja kwake. Alipoondoka alisema atarudi kimojawapo kikirudi: mshahara au akili. Jioni nimeosha vikombe viwili. Kimoja hakikuwa kichafu.

Lakini nina mpango! Mbele ya dirisha langu kuna greda la kampuni ya barabara. Lilizimika wakati wa mvua, likaachwa hapo hapo, likawekewa mlinzi. Kila Ijumaa injinia wa kampuni huja, hulitazama, hutikisa kichwa, huondoka. Ijumaa hii atalikuta linanguruma. Atauliza fundi ni nani. Nitajitokeza. Kazi. Mshahara. Mke.

Operesheni Greda imeanza.

Jumanne, 4 Machi

Upelelezi. Mlinzi wa greda mtaa mzima humwita Bwana Kiti, kwa kuwa hajawahi kuonekana bila kiti chake cha plastiki. Kivuli kikihama, naye huhama nacho. Nikampelekea chai. Lengo: kumlainisha. Nikamdokeza kwamba mtambo ule unaweza kupona.

Akaacha kunywa.

"Afande," akasema, "hili likipona, mimi ndiye nitakayeugua. Nani anamlipa mlinzi wa greda linalotembea?"

Hoja nzito. Sikuitarajia kutoka kwenye kiti.

Nikabadili mbinu, nikamwahidi kwamba nikishaajiriwa nitamwombea ulinzi wa karakana, penye paa. Akasema atafikiri. Tukaendelea kukaa. Akanisimulia habari za goti lake, na za mkewe anayekoroma kiasi kwamba majirani wameacha kufuga mbwa. Nami nikamsimulia jinsi tulivyolichomoa buldoza kwenye tope, mvua inapiga, luteni analia. Akaomba nirudie pale luteni anapolia. Nikarudia. Tukaachana jua limezama.

Mtu asiyejua angedhani nilikaa pale kwa upweke. Upweke gani? Ule ulikuwa upelelezi.

Jumatano, 5 Machi

Bwana Kiti bado anafikiri. Askari hangoji raia amalize kufikiri. Nikamwambia muuza duka wa kona anamtafuta, haraka sana. Akaenda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: nikaingia chini ya greda na tochi mdomoni.

Ugonjwa nimeuona mara moja. Chujio la dizeli limejaa tope, na mpira wa mafuta umepasuka, unavuta hewa. Injini ina kiu, inanyweshwa upepo. Hilo tu! Kwa hilo injinia mzima anatikisa kichwa tangu mvua mpaka kiangazi.

Nikiwa bado nacheka peke yangu, nikahisi navutwa miguu. Bwana Kiti. Nyuma yake muuza duka, ambaye hakuwa anamtafuta mtu. Nikasema namtafuta paka wangu. Bwana Kiti akauliza paka anaitwaje. Nikasema hana jina, ni paka wa jeshi. Muuza duka akataka waitwe polisi.

Bwana Kiti akamtuliza, akamrudisha dukani. Kisha akakaa, akanitazama muda mrefu, nami nimejaa grisi mpaka kope. Akasema amekubali ule mpango wa karakana yenye paa. Ila kwa sharti moja: kila nitakachofanya nimweleze. Amelilinda dude hili mvua na jua, na hajui hata tumbo lake liko wapi.

Nikakubali. Ili anyamaze tu.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya mafunzo. Fundi malori wa barabara kuu kanipa chujio, mpira na betri ya kuazima. Nikamwachia koti langu la mvua la jeshi. Limeniuma. Lakini vita ni vita.

Nilimsimamisha Bwana Kiti kama kuruta. Spana hii, kazi yake hii. Mafuta yanatoka hapa, yanachujwa hapa, yanaingia hapa. Nikamwonyesha namna ya kutoa hewa: unalegeza nati, unapampu kwa mkono, mapovu yanatoka, unangoja mpaka mafuta yatoke bila povu, unakaza. Akakosea, akajimwagia dizeli kifuani. Nikamfokea kwa sauti ya gwaride, ile iliyokuwa ikiwatetemesha koplo wazima.

Akacheka. Akacheka mpaka akashikilia tairi. Mwisho na mimi nikacheka, sijui kwa nini. Sijafoka hivyo tangu nistaafu. Hapakuwa na wa kumfokea.

Alasiri tukaliwasha kidogo. Likakohoa, likatema moshi mweusi, likaitika. Bwana Kiti alitoa machozi. Anasema ni moshi. Tukalizima upesi, ufunguo akauweka mfukoni mwake kama kawaida.

Mke wangu akapiga simu. Mume wa dada yake, yaani mwanyumba wangu, ni mkuu wa matengenezo hospitali ya kule, na kuna nafasi ya fundi. Pampu za maji, vitasa, magurudumu ya vitanda. Nikamjibu kwamba niko katikati ya operesheni kubwa, siwezi kufafanua kwenye simu. Akauliza kama nimekula. Nikasema chakula kipo cha kutosha. Akasema haya, Sajini. Akiniita kwa cheo, si heshima.

Magurudumu ya vitanda! Mimi!

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa nimetulia. Sijatulia.

Mpango ulikuwa rahisi: injinia afike, tuliwashe. Lakini alfajiri nikauboresha. Mtu akikuta kitu kimeshatengenezwa, haoni ufundi. Anaona kitu. Basi nikaamua nijifiche ndani, injinia akate tamaa kabisa, halafu nitoke polepole, niweke sikio kwenye boneti, nigonge mara moja kwa spana, nimwambie Bwana Kiti awashe. Watu wasimulie. Nikamwagiza Bwana Kiti asiguse chochote kabla sijatokea. Nikavaa ovaroli safi, nikasimama nyuma ya mlango.

Injinia akaja. Kupitia dirisha nikasikia kila neno. Akatazama, akatikisa kichwa. Akasema kampuni imechoka, greda linauzwa chuma chakavu, na Bwana Kiti asirudi kesho.

Hapo ndipo pangu! Nikashika kitasa. Nikazungusha. Kikabaki mkononi mwangu, kizima, na msumari wake. Mlango umefungwa.

Ni kitasa kile kile ambacho mke wangu aliniomba nikitengeneze tangu mwaka jana. Nilimwambia mimi ni fundi wa mitambo mizito. Mganga hajigangi.

Nikapiga kelele. Na wakati huo huo Bwana Kiti, kwa hofu ya kufukuzwa, akapanda, akawasha. Likanguruma, mtaa mzima ukatetemeka. Kazi nzuri mno! Nililitengeneza vizuri kiasi kwamba hakuna aliyeweza kunisikia. Nikakimbilia dirishani, lina nondo, nikapunga mikono yote miwili. Injinia akaniona. Akadhani nashangilia. Akanipungia.

Kisha Bwana Kiti akashuka, injinia akampa mkono, akamshika na bega.

Muuza duka ndiye aliyenifungulia, kwa kisu cha mkate, walipokwisha kuondoka na greda.

Jumamosi, 8 Machi

Bwana Kiti amekuja asubuhi, kavaa ovaroli mpya, mikono imekunjwa kwa kuwa ni ndefu. Ameajiriwa fundi msaidizi. Sikumkaribisha ndani. Tukasimama mlangoni, mimi na kitasa mkononi.

Akaniambia amemweleza injinia ukweli wote. Kwamba kazi ni ya Afande, yeye alishika tochi tu. Injinia amecheka sana habari ya mlango, amesema nifike Jumatatu, nitafutiwe kazi. Ila karatasi za Bwana Kiti zimeshapita, kwa hiyo kwa sasa nitakuwa chini yake.

"Ni jina tu la kwenye karatasi, Afande," akasema. "Tukiwa wawili, amri ni zako. Mimi peke yangu nitaua mtu kule. Njoo."

Nilitaka kusema ndiyo. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia. Nikamwambia sajini hapigi saluti kwa kiti. Nikamwambia nina ofa nyingine, kubwa, nasubiri simu.

Akatazama chini. Akasema anashukuru kwa yote, hasa hadithi ya luteni. Akaondoka, anachechemea goti lake. Kiti chake ameniachia.

Jumapili, 9 Machi

Pale palipokuwa na greda pamebaki udongo mweusi wa mafuta, na mwanga mwingi. Sikujua dirisha langu lina mwanga hivi. Unaonyesha vumbi lote.

Nimekagua chumba. Kitanda safi, viatu safi. Hakuna wa kumkaripia. Nimefagia. Nimekagua tena.

Adhuhuri simu ikaita. Nikadhani ni mke wangu, nikasafisha koo. Bwana Kiti. Greda linachemsha maji, afanyeje? Nikamweleza kwa kirefu: azime, angoje lipoe, asifungue kifuniko kwa pupa. Nikamweleza habari ya fanibelti. Nikamweleza habari za mafuta ya breki, ambazo hakuuliza. Akanivumilia, halafu akasema wenzake wanamwita wale pamoja. Akashukuru, akakata.

Nimeshika simu kwa muda. Ilikuwa bado ya moto.

Halafu mimi ndiye niliyempigia mke wangu. Nikamwuliza hali ya hewa ya kule. Akasema ni kama ya huko. Nikauliza hali ya dada yake. Mzima. Akasema nafasi ya hospitali bado ipo, na pale kwa dada yake kuna chumba cha uani, kitatutosha mpaka tupate chetu.

"Sikuombi urudi na cheo," akasema. "Njoo tu."

Nikamwambia nitaliangalia suala hilo. Nilipokata nikaanza kufunga begi. Hii si kushindwa. Jeshini huitwa kurudi nyuma ili kujipanga.

Jumatano, 12 Machi

Nimeajiriwa! Nafanya matengenezo, hospitali, ovaroli ya buluu yenye jina mfukoni. Mke wangu alikuja kunipokea kituoni Jumatatu, kavaa lile gauni lake la harusi za watu. Alinipokea begi, nikamnyang'anya, akanipokea tena.

Mwanyumba ni mtu mwema. Hilo lazima lisemwe. Amenitambulisha kwa wauguzi kama ndugu yake, amenipa nusu ya kabati lake la zana, chakula cha mchana tumekula sahani moja. Leo nimerekebisha magurudumu ya vitanda vya wodi nzima. Bibi mmoja mgonjwa akasema sasa kitanda chake kinaenda kama mawazo. Sikuchukia.

Lakini nimechunguza. Mwanyumba alikuwa seremala. Seremala! Anashika spana kama anashika mwiko. Na yeye ndiye mkuu. Na kule nyuma kuna mashine ya kufulia mashuka, kubwa, nzito, ya kiume, ambayo anaiogopa. Wiki ijayo bodi ya hospitali inakuja kukagua.

Tuseme boliti moja ya mguu wa mashine inalegea kidogo siku hiyo. Kidogo tu. Mashine inaanza kucheza. Inatembea sakafuni mbele ya wakubwa. Mwanyumba anachanganyikiwa, anaita maseremala wenzake. Hapo natokea mimi. Safari hii sitakuwa nyuma ya mlango. Nitakuwa nyuma ya mashine.

Nimejifungia chumba cha uani nachora ramani. Mke wangu ameita, chakula kiko mezani. Nimejibu nakuja. Ameita tena, sauti ya chini zaidi. Nimejibu nakuja, namalizia kitu. Hawezi kuambiwa. Wala mwanyumba, bila shaka.

Nasikia viti vinavutwa. Nasikia vijiko. Mwanyumba amesema jambo, wote wamecheka, na mke wangu amecheka kuliko wote. Wameanza bila mimi.

Afadhali. Mtu akila na wenzake, hutoboa siri.