Mgonjwa Asiyeugua wa Nshamba

Umewahi kwenda kumjulia hali mgonjwa ambaye bado hajaugua? Georgina wa Nshamba alikwenda, tena na mkungu wa ndizi kichwani.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ujamaa. Ndugu Datius, kiongozi aliyeletwa kutoka Bukoba mjini, alisimama juu ya gunia akatangaza:

"Ndugu wananchi! Bepari hungoja mashine iharibike ndipo aitengeneze. Sisi tutaubaini ugonjwa mashine ingali nzima! Leo nazindua Kamati ya Kutabiri Maradhi ya Mitambo!"

Papo hapo Kamati ikatega sikio kwenye mashine ya kijiji ya kukobolea kahawa. Ilinguruma. Mashine zote hunguruma, lakini hii ilinguruma kwa namna ya kutia mashaka. Ikazimwa isije ikaharibika. Na kweli, haikuharibika. Kamati ikajipongeza.

Sasa, kwa Wahaya mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Watu walileta ndizi, maharage, senene wa kukaanga, vibuyu vya rubisi, ile pombe ya ndizi. Kwa kuwa mgonjwa hakuwa na mdomo, Kamati ilimsaidia kula.

"Anaendeleaje?" Georgina alinong'ona.

"Leo amelala vizuri," alijibu Datius, akitafuna senene wa mgonjwa.

Georgina akautua mkungu wake. Kahawa yake ilikuwa bado na maganda, imerundikwa ndani, na mawingu ya ziwani yamekwisha kuvimba. Ikishika unyevu itaota ukungu. Lakini nani hutaja shida zake mbele ya mgonjwa? Akarudi na kuku. Kuku naye akaliwa kwa niaba.

Siku alipofungua gunia la juu likamtolea uvundo, alijifunga kanga kiunoni, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Datius, akapiga yowe:

"Mashine yetu imetutoka!"

Nshamba nzima ikaja matanga. Mfiwa ni nani kama si aliyemuuguza? Wakatandaza majani sebuleni kwa Datius, wakalala, wakaamka, wakakata mikungu yake, wakalala tena.

"Jamani, haijafa!" Datius alilia. "Haijaugua hata mafua!"

"Pole, baba. Wafiwa wote husema hivyo," mzee Ildefons alimfariji, akijimiminia rubisi ya mwenyeji.

"Nasema mbele ya watu wote: ni nzima! Ilikuwa nzima tangu mwanzo!"

Vilio vikakatika. Georgina akainuka kwenye majani, akajikung'uta taratibu.

"Kumbe hatuna mgonjwa?"

"Hatuna, mama."

"Basi iwashe, mwanangu. Nilikuja kukoboa kahawa."